Nilivyomweza mdudu wa kukunja majani ya mndimu

Mndimu wangu hapa Nachingwea majani machanga yote yalikuwa yanajikunja, nkapiga dawa mara tatu wapi! Siku moja nkakunjua jani kwa kucha, nkaona vijia vyeupe vinang'aa kama konokono kapita na kwenye ukingo kakiwavi kadogo ka njano, kumbe mtoto wa nondo, yule kipepeo wa usiku, wa milimita chache tu, anakula chini ya ngozi ya jani ndo maana dawa ya juujuu haimfiki. Nikaacha kumwaga yurea ovyo maana ilikuwa inatoa machipukizi kila mara na yeye anataka majani machanga, chipukizi zilizoliwa nkakata nkachoma, zikianza mpya tu napulizia mwarobaini juu na chini. Majani yaliyokomaa sikuyagusa hata kama yana alama, bado yanalisha mti. Masika hii chipukizi zimenyooka, yaani nimefurahi jamani.