Oirase kabla majani hayajawa mekundu

Wengi hulisubiri korongo la Oirase, mkoani Aomori kaskazini mwa Japani, hadi mwishoni mwa Oktoba rangi zikikolea. Nenda mapema kidogo, katikati ya mwezi. Huko juu karibu na Ziwa Towada, mita 400 hivi kutoka usawa wa bahari, majani yameshaanza umanjano. Huku chini bado ni kijani, na macho yanapata nafasi ya kuutazama mto wenyewe.

Anzia Ishigedo, kituo cha mapumziko kando ya mto, kisha panda kuelekea Nenokuchi, mto unapotokea ziwani. Ni kilomita 9 hivi, saa 3 kwa mwendo wa kawaida. Ukiwa na kamera tenga saa 5. Mwelekeo una maana yake: ukipanda, maji yanakujia usoni na povu lote unaliona, ukishuka, unaona mgongo wa maji tu. Nenokuchi kuna lango la kudhibiti maji, kwa hiyo mto haufuriki ovyo, na kuvumwani, ile mimea midogo ya kijani inayofunika mawe, imepata utulivu wa kuota hadi juu ya mawe ya katikati ya mkondo.

Kwa picha, ombea mawingu. Jua kali likipenya kwenye miti, povu linaungua jeupe na vivuli vinakuwa masizi; hakuna programu itakayokuokoa. Weka ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 100, na shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, kati ya robo sekunde na sekunde 1. Ikizidi hapo maji yanageuka pamba, na Ashura, sehemu ya mto yenye mkondo wa kasi, inapoteza ukali wake wote. Filta ya polaraiza, kioo cha mbele ya lenzi kinachokata mng'ao, ndiyo ya lazima: majani yaliyolowa hung'aa weupe, nayo huurudisha umanjano wao. Izungushe upya kila unapogeuza kamera. Wanaosahau hilo ni wengi. Stendi ya kamera usiisimamishe kwenye mbao za daraja watu wakipita, zinatikisika.

Maporomoko ya Choshi Otaki yana kimo cha mita 7 na upana wa mita 20. Si marefu, lakini yalitosha kuwazuia samaki wasipande ziwani.

Njiani utanusa sukari iliyoungua kidogo chini ya sufuria. Hakuna anayepika. Ni mkatsura, mti wenye majani ya umbo la moyo, ambao huwahi kugeuka manjano. Harufu hutoka kwenye majani yaliyokwisha kudondoka. Tazama chini kwanza, kisha inua macho utafute mti.