Gari Moja, Madereva Wawili
Jumapili iliyopita, mimi na mwenzangu wa klabu tulishirikiana gari moja dogo la michezo, Mazda Miata, katika mashindano ya autokrosi (magari hukimbia moja moja yakipimwa muda) hapa Marekani, yanayofanyika kwenye uwanja mpana wa maegesho uliopangwa koni, ambapo kila koni inayogongwa humwongezea dereva sekunde 2. Kazi ngumu ilikuwa zile dakika chache za kupokezana: kubadilisha namba ya dereva ubavuni mwa gari, kusogeza kiti (yeye ni mrefu, mimi hukalia mto), kupima upepo wa matairi na kuyanyunyizia maji, kwa kuwa gari lisilopumzika huyapasha joto mpaka yakaanza kuteleza. Anayetangulia huyakuta yakiwa baridi, ndiyo maana tulibishana nani aanze. Nilitangulia mimi, nikagonga koni 2, na kwa hizo siwezi kuusingizia ubaridi.