Siku moja maishani mwangu: nyati, upepo na mwezi uliokwisha kutimia

Mjini nikisema kazi yangu ni kufuata nyayo kwenye kitalu cha uwindaji, wengine wananiangalia kwa jicho la pembeni kama jangili, na wengine wanadhani nabeba mabegi ya wazungu. Shemeji yangu mmoja kila tukikutana ananiuliza lini nitamletea jino la tembo. Nimechoka kueleza kwa mdomo, kwa hiyo naandika siku moja tu, ya Septemba, katika Pori la Akiba la Rungwa, hapa Tanzania. Mgeni wetu Mmarekani anatafuta nyati dume. Msimu hufunguliwa Julai 1 na kufungwa Desemba 31, kibali kinataja mnyama gani na wangapi, na askari wa wanyamapori yuko nasi kila hatua. Hakuna risasi inayopigwa usiku. Jangili haombi kibali wala hatembei na afande.

Saa 10:00 alfajiri. Naamka, natoka nje, naangalia juu hata kabla ya kunawa. Mwezi ulitimia siku tatu zilizopita, kwa hiyo bado uko juu magharibi, umeshaanza kumegeka ubavuni. Jana ulichomoza kama saa 3 usiku. Kila siku huchelewa karibu dakika 50, na mzee aliyenifundisha kazi hii, ambaye ndiye niko naye mpaka leo, anaipiga hesabu hiyo kichwani bila kukosea.

Maana yake usiku wa jana ulikuwa na vipande viwili: giza totoro tangu jua kuzama hadi saa 3, kisha mwanga hadi sasa. Katika kile kipande cha giza simba walinguruma upande wa korongo. Simba giza ndilo lao. Watu wa Lindi na Mtwara walilijua hilo kwa machozi. Watafiti waliopitia matukio ya simba kushambulia watu nchini kuanzia 1988 hadi 2009 walitoa matokeo yao mwaka 2011: hatari hupanda jioni za siku zinazofuata mwezi mpevu, pale mwezi unapochelewa kutoka. Basi nyati nao wanajua. Giza likiwapo wanabanana, masikio juu. Mwezi ukitoka wanatawanyika kula, na wanakula mpaka alfajiri. Kukicha wameshashiba, wanaingia kivulini mapema. Usiku wa namna hii, ukichelewa kuondoka kambini utakuta nyayo tu.

Saa 10:45. Chai na maandazi. Maji kwenye gari, panga, kamba, tairi ya akiba. Halafu soksi. Kila mfuata nyayo ana yake. Yangu ni ya mtoto, pamba nyepesi, nimeijaza majivu ya jikoni niliyoyachekecha kwenye kipande cha chandarua hadi yakawa laini kama poda. Ukiitikisa kidogo, kiwingu kinatoka na kukuonyesha upepo unaelekea wapi, hata ule ambao ngozi haiusikii. Bunduki ya mgeni ni ya risasi ya .375 ya inchi, na kwa nyati huruhusiwi kushuka chini ya hapo. Ya kwangu ni hiyo soksi.

Saa 11:15. Sote tuko kwenye gari. Mgeni hayupo.

Mgeni ana programu kwenye simu inayompangia saa za bahati kwa kufuata mwezi. Mwezi ukiwa utosini, au ukiwa chini ya miguu upande wa pili wa dunia, hizo ndizo saa kubwa. Ukichomoza na ukizama, hizo ni saa ndogo. Bosi wangu, yaani mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni, anaifahamu nadharia hiyo. Anasema aliianzisha Mmarekani aitwaye John Alden Knight mwaka 1926, na alianza na samaki. Sasa simu ya mgeni ilisema saa ndogo ni saa 3 asubuhi, mwezi unapozama, na saa kubwa ni saa 9:30 alasiri. Kwa hiyo haoni sababu ya kukimbilia porini kukiwa bado giza. Aliagiza mayai.

Mimi si mtu wa kubishana na mgeni. Namwambia bosi, na bosi ndiye anayejua atamwambiaje. Nikamwambia bosi, nyati wamekula usiku kucha, tunawapoteza. Bosi akaingia kwenye hema la chakula. Tukasikia sauti, tukasikia kicheko, tukasikia kijiko kwenye kikombe. Afande akashuka akaenda kuvuta sigara. Mzee akalala palepale kwenye benchi la nyuma, kofia usoni. Kukapambazuka. Kanga wakaanza kelele juu ya miti walikolala, wakashuka mmoja mmoja, wakapita mbele ya gari wakidonoa, nasi tumekaa. Jua likatoka saa 12:30. Bosi akarudi, akaniangalia, akainua mabega. Mgeni analipa siku zake, na humburuti mtu aliyevuka bahari kwa pesa yake.

Tuliondoka saa 1:10, na mgeni amejifunga skafu ya bluu shingoni. Ndorobo, yaani mbung'o, wanapenda bluu na nyeusi kuliko rangi nyingine zote. Bosi alishamwambia. Alisema ni zawadi ya mke wake.

Saa 1:50. Nyayo, kwenye dimbwi la mwisho lenye maji. Madume wanne, wazito, kwato za mbele pana na zilizolika ukingoni. Hapa ndipo watu hudhani tunabahatisha, kwa hiyo nieleze. Juu ya nyayo mbili kulikuwa na vijistari vyembamba vya wadudu watambaao usiku. Ina maana nyayo zilikuwapo kabla wadudu hawajamaliza matembezi yao. Kwenye nyayo nyingine, upande wa pili wa dimbwi, hakukuwa na kijistari hata kimoja, na ukingo wa udongo ulikuwa bado haujaanza kukauka na kumomonyoka. Walikuja kunywa usiku, wakala hapohapo kwenye mwanga wa mwezi, wakanywa tena, wakaondoka kukikaribia kucha. Mzee akapasua kinyesi kwa kijiti, akaingiza kidole. Vuguvugu kwa ndani. Akasema, “Wangekuwa hapa kama tungekuja na umande.” Alisema kwa Kikimbu, lugha ya huku, na bosi hakumtafsiria mgeni.

Saa 3, ile saa ndogo ya simu, ilitukuta tunatembea. Mwezi ulizama nyuma ya miyombo, mweupe, umemegeka ubavuni, na hakuna aliyeuangalia isipokuwa mgeni.

Kuanzia hapo saa niliacha kuiangalia. Miyombo ya Septemba ina majani mapya mekundu juu na majivu ya moto chini, kila hatua inatoa vumbi jeusi linalokwama kooni. Kwenye majivu nyayo unazisoma ukiwa umesimama. Kwenye changarawe unatambaa. Tulizipoteza kwenye mwamba, tukazunguka, mzee akazipata upande wa mashariki: jani moja la nyasi lililotafunwa, mate bado hayajakauka. Ndorobo walikuwa shingoni mwa mgeni kwa makundi, anajipiga makofi, kila kofi linasikika. Mwishowe aliitoa skafu mwenyewe akaitia mfukoni. Hakuna aliyesema neno. Maji ya mgeni yakaisha, akanywa ya bosi. Ya bosi yakaisha, akanywa yangu.

Kama saa 6 hivi mzee akasimama, mkono nyuma, kiganja wazi. Ndege wanaokula kupe wameruka juu ya kichaka mbele yetu na kutua palepale. Wako hapo. Tukarudi nyuma kwa nyayo zetu wenyewe, polepole, bosi akatambaa na darubini. Madume wanne wamelala kivulini wanacheua. Mmoja ni mzee kwelikweli, pembe zimeungana utosini, zimekauka, hakuna nywele katikati.

Nikatikisa soksi. Majivu yakaenda kushoto. Nikatikisa tena, yakarudi usoni mwangu. Mara ya tatu yakapanda juu moja kwa moja.

Hiyo ndiyo saa sita ya mchana porini. Asubuhi hewa ni baridi na upepo una njia moja, unaweza kuuamini. Ardhi ikishapata moto hewa inapanda, inajaziwa na nyingine kutoka popote, na upepo unakuwa hauna mwenyewe. Nyati haoni vizuri hivyo, lakini pua yake haidanganywi. Mwezi unanieleza nyati alifanya nini jana usiku. Kuhusu leo mchana haunisaidii kitu, leo mchana ni soksi. Bosi akaamua turudi nyuma mita mia nne, tukae, tusubiri saa 10 jioni jua lipungue nguvu na upepo utulie.

Tukakaa chini ya mninga. Kusubiri ndiyo sehemu ya kazi inayochosha kuliko kutembea, maana mwili unapoa na miguu inaanza kudai haki zake. Ndipo mgeni akaanza kusimulia bata mzinga, bosi akitutafsiria kwa kunong'ona. Kwao Missouri wanawindwa majira ya kuchipua, Aprili na Mei, madume, au yeyote mwenye kishungi cha ndevu kifuani. Unaingia msituni gizani, unakaa chini ya mti, unamsikia dume akilia kutoka kwenye tawi alikolala, nawe unamuita kwa sauti ya jike. Akatoa mfukoni kijisanduku cha mbao chenye kifuniko, cha kuigia sauti hiyo, akataka kukikwaruza. Bosi alimkamata mkono hewani. Nyati wako mita mia nne!

Lakini kwa kweli hapo nilimsikiliza. Anaijua kazi yake. Alisema bata mzinga ana macho makali na anaona rangi, ndiyo maana wanajifunika mavazi ya majani hadi usoni, ila pua si kitu. Upepo mkali kwao ubaya wake ni masikio: dume halisikiki, naye hasikii hatari, kwa hiyo anaacha msitu anakwenda uwanjani ambako macho yatamlinda. Mvua nayo vilevile. Asubuhi tulivu, isiyo na mawingu, ndiyo asubuhi ya madume kulia. Nikamuuliza kupitia bosi: na mwezi? Akasema usiku wa mbalamwezi wapo wanaolia juu ya matawi hata kabla ya alfajiri. Kanga wetu nao hushtuka kwa kelele usiku wa mwezi, hilo nililikubali. Lakini bosi akaongeza kwamba kinachowaingiza wale ndege kwenye msimu wa kupandana ni mchana kurefuka, na mwezi unatimia kila baada ya siku 29 na nusu, msimu uwepo usiwepo. Mgeni akasema ana madume kadhaa ukutani ambao walikufa saa ileile iliyoandikwa kwenye simu. Sasa utamwambia nini mtu mwenye ushahidi ukutani?

Mnyama anayekukimbia kwa macho na mnyama anayekukimbia kwa pua, ukiwatengenezea ratiba moja, mmoja lazima akuumbue.

Saa 9:15 mgeni akasimama. Saa kubwa imekaribia. Bosi akamwomba nusu saa zaidi, akamwonyesha soksi yangu, majivu bado yanacheza. Akasema hakuja Afrika kukaa chini ya mti wakati saa yenyewe ndiyo hii. Wakanong'onezana muda mrefu kidogo. Najua bosi alikuwa anapima nini: siku zilizobaki, na mgeni akinuna, kambi nzima inanuna. Akaniambia, “Twende, kaka. Taratibu.”

Tulitambaa. Mzee mbele, mimi, bosi, mgeni, afande nyuma. Viwiko kwenye majivu, miiba ya mgunga kwenye magoti. Mita themanini, sitini na kitu. Bosi akasimamisha miti mitatu ya kuegemezea bunduki, mgeni akaweka bunduki, dume mzee bado amelala, bega limefichwa na mti. Lazima asimame ndipo apigwe. Huwezi kupiga pembe, huwezi kupiga tumbo. Nyati akijeruhiwa na kupotea amehesabiwa kwenye kibali na ada inalipwa vilevile, na mimi na mzee ndio tunaotangulia kumfuata kichakani.

Nikausikia upepo nyuma ya shingo. Ubaridi mdogo tu, kwenye jasho. Sikuhitaji soksi.

Dume akanyanyua pua. Wote wanne wakawa wima kwa mara moja, vumbi, kishindo, vichaka vinavunjika, kwisha. Nikaangalia saa ya bosi: 9:34.

Mgeni akasema, “Unaona? Saa ileile wamesimama.” Bosi alitafsiri bila kubadilisha uso wake. Mzee alikwenda kukojoa.

Hatukuwafuata. Waliokimbizwa kwa harufu hawasimami karibu, na jua lilikuwa linakwenda. Kurudi kwenye gari ulikuwa mwendo wa saa mbili na zaidi kwa miguu, dereva akatusogelea kwenye barabara ya kukinga moto, mgeni akalala kinywa wazi mpaka kambini. Afande akajaza fomu yake: nyati, hakuna. Wachunaji walikuwa wameshanoa visu, wakavirudisha. Tipu yetu huja mwisho wa safari na hutegemea sana nyara na sura ya mgeni, kwa hiyo siku kama hii hakuna anayeimba.

Saa 2 usiku, nikiwa nachekecha majivu mapya, bosi akaja jikoni. Mgeni amekubali tuondoke saa 11:30, kwa shingo upande. Simu yake inasema kesho saa ndogo ni saa 4 asubuhi na saa kubwa ni saa 10:20 jioni. Nikamwambia hiyo ya saa 10:20 aiache kama ilivyo, upepo utakuwa umetulia.