Kabla Hujauza Simu Ununue Kamera

Weka picha nzuri mtandaoni uone: swali la kwanza ni "Umetumia kamera gani?" Ni nadra mtu kuuliza ulisimama wapi, na hilo ndilo lingemfaa, kwa sababu makosa mengi tunayoisingizia kamera yamefanywa na miguu ya mpigaji.

Tumchukue fundi cherehani aliyeweka mashine yake kwenye baraza la duka, Dar es Salaam, saa sita na nusu mchana. Mtu anapita, anapendezwa na jinsi fundi alivyoinamia kitambaa, anatoa simu na kupiga kutoka ubavuni. Matokeo: nyuma ya fundi ukuta wa jirani uliopigwa na jua unawaka, uso umekuwa giza hata macho hayaonekani, na nguzo ya baraza imemwota kichwani. "Simu yangu haifai," anasema. Sasa mpe kamera ya milioni nne asimame palepale. Atapata makosa yaleyale, tena yakiwa makali na safi.

Tuanze na uso. Kipima mwanga kilicho ndani ya kamera hakijui kinamtazama nani. Hukisia tu kwamba picha nzima, ukichanganya weupe na weusi wake, inapaswa kuwa kijivu cha wastani. Kikikutana na ukuta mweupe mwingi hupunguza mwanga, na uso unazama pamoja nao. Simu za sasa hujitahidi kutambua sura, lakini ngozi nyeusi mbele ya ukuta unaowaka bado huzishinda mara kwa mara. Gusa uso kwenye skrini, shikilia kidole mpaka fokasi na mwanga vijifunge, kisha telezesha alama ya jua juu kidogo. Kwenye kamera, ongeza fidia ya mwanga, yaani kitufe cha kuiambia kamera ing'aze au ififishe picha kuliko ilivyokisia, hadi +1.

Hiyo inaokoa uso, ila ukuta utaungua uwe karatasi tupu. Dawa hasa ni hatua mbili au tatu kushoto, mpaka nyuma ya fundi pawe na mlango wa duka ulio wazi, wenye giza la ndani. Nguzo nayo inahama kichwani kwa hatua hizohizo. Hapo tatizo linageuka: kamera ikiona giza jingi huongeza mwanga, na ngozi inapauka kama iliyopakwa majivu. Shusha hadi -0.7 au -1, weusi wa ngozi urudi na mng'ao wake.

Kisha jua lenyewe. Dar es Salaam jua la mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na hata miezi mingine haliko mbali sana na utosi. Ukimtoa mtu nje wakati huo, nyusi zinatia kivuli machoni na pua inaangusha kivuli mdomoni. Mwache fundi barazani, ila sogeza kiti chake mpaka kiwe kama nusu mita ndani ya mpaka wa kivuli, uso ukielekea nje. Mwanga utamfikia kutoka angani na mwingine utadunda kutoka chini, ulainishe kidevu. Kama sakafu ni nyeusi, tandika shuka jeupe au kiroba cheupe mbele ya miguu, mahali ambapo picha haifiki. Usimwingize mita tatu ndani. Huko mwanga ni mdogo, simu italazimika kuacha shata, yaani kilango kinachoingiza mwanga, wazi muda mrefu zaidi, na mikono inayosukuma kitambaa itatoka kama moshi. Mikono ya namna hiyo inahitaji shata ifunguke kwa 1/250 ya sekunde au upesi zaidi.

Umbali nao una lawama zake. Ukimsogelea mtu kwa sentimita 40, pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma. Watu huilaumu lenzi pana ya simu, kumbe kinachopotosha sura ni ukaribu. Rudi nyuma mita 1.5 hadi 2, tumia lenzi ya 2x, ile inayovuta mara mbili, kama simu inayo. Kama haina, piga hivyohivyo ukate kingo baadaye.

Waliojipanga kabla ya kubonyeza hawakosi: mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alifungua studio yake mwaka 1948. Kamera yake ilikuwa kubwa, ya kusimikwa kwenye miguu mitatu, yenye negativu za sentimita 13 kwa 18. Alipigia uani kwa mwanga wa mchana, na pazia lake la nyuma la mwanzo lilikuwa shuka la kitandani. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida mteja alipigwa mara moja tu. Bega linageukia wapi, mkono unakaa wapi, maua ya gauni yanasemaje na maua ya pazia: yote hayo yalimalizwa kabla ya kubonyeza. Jaribu kumpiga fundi wetu kwa masharti hayo, picha moja tu, uone utakavyoanza kuangalia mkasi ulioachwa vibaya mezani.

Siwadanganyi kwamba kifaa hakina kazi. Mpira wa usiku chini ya taa hafifu unataka 1/1000 ya sekunde na lenzi ya f/2.8, yenye tundu pana la kuingiza mwanga, na ndege aliye mbali hawezi kuvutwa na simu ya kawaida. Hapo nunua, au azima. Lakini megapikseli, yaani mamilioni ya nukta (pikseli) zinazounda picha, zisikutoe pesa: picha ya kuchapa ya sentimita 10 kwa 15 inatosheka na pikseli 1200 kwa 1800, yaani kama megapikseli 2, na A4 nzima haifiki 9.

Na kabla ya yote hayo, futa lenzi. Mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ule ukungu mweupe na miale mirefu ya taa, hasa kwa simu inayokaa mfukoni siku nzima. Pulizia vumbi kwanza, kisha kitambaa safi cha pamba. Pindo la shati lenye mchanga litakwaruza.

Picha ikishatoka vizuri, fundi ataiomba kwa WhatsApp. Usiitume kama picha, maana itabanwa na nyuzi za kitambaa zitayeyukiana. Itume kama hati, ili akienda kuichapa mishono yake ionekane.