Mafunzo ya viongozi wa kijiji yaanze na daftari la mihtasari

Kuwasomea wajumbe wa halmashauri ya kijiji Sheria Namba 7 ya 1982, ile ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya Tanzania, kifungu kwa kifungu kunamaliza asubuhi nzima, na mchana hakuna anayeweza kueleza tofauti ya kuridhia na kuarifiwa. Mwambieni mtendaji wa kijiji aje na daftari la mihtasari la mwaka uliopita, darasa lifanye kazi humo.

Anzeni na hesabu. Halmashauri ya kijiji hukutana kila mwezi na mkutano mkuu wa kijiji, yaani wanakijiji wote watu wazima, kila miezi 3, kwa hiyo daftari linapaswa kuwa na mihtasari 12 ya halmashauri na 4 ya mkutano mkuu. Wajumbe wahesabu wenyewe, kisha wachukue muhtasari mmoja na kuutafutia mahudhurio, uthibitisho wa muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo (taarifa ya utekelezaji wa maazimio yaliyopita), mapato na matumizi. Kinachokosekana mara nyingi ni yatokanayo, na hapo ndipo maazimio ya zamani yanapofia.

Kosa la pili liko kwenye uandishi. "Wajumbe walijadili na kukubaliana ujenzi uendelee" haimbani mtu yeyote. Kila kikundi cha watu 5 kiandike azimio hilo upya kwenye bango kitita (karatasi kubwa ya kufundishia): kila kaya debe 3 za mchanga, mwisho 30 Juni, msimamizi mwenyekiti wa kitongoji, taarifa kikao kijacho. Wasiosoma washiriki kwa kusimulia, mwenzao aandike.

Zoezi la ardhi lipewe muda mrefu kuliko yote, hasa Mufindi, Kilolo na Njombe ambako watu wa mjini wanatafuta mashamba ya miti. Mfano mzuri wa igizo dhima: mgeni anaomba ekari 40 za ardhi ya akiba ya kijiji apande misindano, anamfuata mwenyekiti nyumbani jioni, anataka barua yenye muhuri. Darasa lioneshe njia halali. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 kinaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Maombi yaingie kwenye ajenda, mkutano utangazwe mapema vitongoji vyote, na idadi ya waliokubali na waliokataa iandikwe.

Hila mbili zitajwe waziwazi, kwa sababu zinawaumiza wanakijiji kwa miaka mingi. Ya kwanza ni kuichomeka ardhi kwenye "mengineyo", saa kumi na moja jioni, akina mama wengi wakiwa wamesharudi nyumbani. Ya pili ni kuambatisha orodha ya mahudhurio ya mkutano mwingine. Dawa yake ni kuandika tarehe na ajenda juu ya kila karatasi ya mahudhurio kabla haijaanza kuzungushwa.

Baraza la ardhi la kijiji lifundishwe kando, nusu siku inatosha. Lina watu 7, wanawake wasiopungua 3; akidi, yaani idadi ya chini ya kuendesha kikao, ni 4, wakiwemo wanawake wasiopungua 2. Kazi yake ni kusuluhisha. Likitoza faini au kutoa hukumu limevuka mpaka, na kuna mabaraza yanafanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Kwa fedha, leteni stakabadhi za mfano, wajumbe waandae taarifa ya robo mwaka na kuisoma kwa sauti. Bakaa, yaani salio, ya robo iliyopita ndiyo husahaulika. Msomaji awe mjumbe mwanamke: sheria inataka wanawake wasipungue robo ya halmashauri, yaani angalau 7 ikiwa wajumbe ni 25, lakini wengi hawapewi nafasi ya kusoma hata ajenda.

Kuhusu muda, viongozi wa sasa walichaguliwa 27 Novemba 2024, mvua zikianza. Nyanda za juu kusini, msimu huo ni wa kupanda na palizi, barabara nyingi zina utelezi. Kwa hiyo siku mbili za saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, ofisi ya kijiji, zinafaa kuliko siku moja ndefu makao makuu ya kata ambako hufika mwenyekiti na mtendaji tu. Kiasi cha posho kitajwe kwenye barua ya mwaliko.

Mwezeshaji arudi kwenye mkutano mkuu unaofuata, akae nyuma, asikilize kama yatokanayo yanasomwa. Yakirukwa, abaki na mtendaji baada ya mkutano wafungue daftari pamoja.