Kicheko cha Bibi Kilichopasuka

Nilipomrekodi bibi yangu barazani kwake Bagamoyo, maikrofoni niliiweka karibu mno na kinywa chake, na kila alipocheka sauti ilipasuka. Kuishusha katika programu ya kuhariri video hakukusaidia, kwa kuwa wimbi la sauti linalozidi desibeli 0, yaani kikomo cha juu cha rekodi ya kidijitali, hukatwa kilele, na kilichokatwa hakirudi kwa kupunguza sauti. Hubaki mkwaruzo uleule, ila kwa chini. Kilichonifaa ni zana ya kurekebisha vilele vilivyokatwa, ambayo hukisia umbo la wimbi kutokana na sehemu zilizosalimika kando yake, nami niliitumia kabla ya kichujio kingine chochote. Vicheko viwili, kwa masikitiko yangu, havikuokoleka. Sasa ninahakikisha vilele havipiti desibeli hasi 12, na kabla ya kuanza humwomba acheke.