Babu, makuli na kitabu cha kuazima

Binti wa kaka yangu yuko kidato cha tano, na wiki hii wanasoma Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi. Alikuja na daftari lake, akaketi, akaniuliza: "Shangazi, Denge alikuwepo kweli?" Nikamjibu kwamba Denge na Yasmin ni watu wa kubuniwa, ila Unguja ile ya kabla ya uhuru, na vijana waliokuwa wakiupinga ukoloni kwa siri, ilikuwepo. Akaandika, akaridhika, akaenda zake. Mimi sikuridhika. Swali la namna hiyo aliwahi kuniuliza Babu, kwa kitabu kingine cha mwandishi huyohuyo, na jibu kama hilo alilikataa katakata.

Wakati huo mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunika macho yote mawili. Qurani alikuwa nayo kifuani, haikumhitaji msomaji. Gazeti nikimsomea mimi kila baada ya alasiri, barazani. Riwaya hakutaka kuzisikia. Hadithi za uongo, akisema, ni za watu wasio na kazi. Na mimi nilikuwa katika ule umri ambao mtu akiishika riwaya haiweki chini, nasoma nikitwanga, nasoma nikingoja maji yajae ndoo, nasoma kwa kibatari mpaka Bibi agombe.

Kuli cha Shafi Adam Shafi niliazima kwa mwalimu. Kilikuwa kimetolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1979, na mpaka kunifikia mimi kilikuwa kimeshapita mikono mingi; jalada limeshonwa kwa uzi mweusi, na pembeni mwa kurasa mtu amepiga mistari kwa kalamu nyekundu. Siku hiyo hatukuwa na gazeti. Nikamwambia Babu nina habari za makuli wa bandarini hapa kwetu, na za mgomo wa mwaka 1948. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema: "Haya, mke wangu, soma."

Nikasoma. Kwanza alikuwa akitia maneno kila baada ya aya, kama alivyozoea kwa gazeti. Baadaye akanyamaza. Tulipofika mahali makuli wako kazini na mizigo inashuka, kiganja chake kikaja taratibu hewani, kikatafuta, kikatua juu ya ukurasa, kikaifunika mistari niliyokuwa naisoma.

"Simama hapo. Huyu mwandishi mtoto wa nani?"

Nikamwambia simjui, najua jina lake tu.

"Babake alikuwa kuli."

"Sijui, Babu. Hii ni riwaya. Ameibuni."

"Hakuna wa kulibuni hili," akasema, na akainuka.

Nilidhani anataka kuingia ndani, nikamshika mkono. Akanitoa. Akanigeuzia mgongo, akatanua miguu, akalegeza magoti, kichwa akakiinamisha upande wa kushoto mpaka mfupa wa shingo ukatokeza. Akasema gunia halipokelewi kwa mikono. Linapokelewa kwa shingo na mgongo, na magoti yawe yamelegea kabla halijakufika, kwa sababu wawili wanaokutwika hawakungojei. Wenyewe wana gunia jingine la kuinua. Ukikakamaa, limekuvunja. "Haya," akasema, "nitwike."

Sikuwa na gunia. Nikauchukua mto wa kuegemea, ule mkubwa wa sufi, nikamwekea shingoni. Magoti yakashuka kidogo, kweli, kama aliyepokea ratili mia. Kisha akaondoka. Mtu ambaye kila siku hupapasa ukuta kutoka mlangoni mpaka barazani, aliondoka hakugusa kitu, kwa hatua fupi za haraka, wayo mmoja mbele ya mwingine kwenye mstari ulionyooka, mkono mmoja juu kuushika mto na mwingine umetandazwa ubavuni. "Huu ubao," akasema huku anakwenda. "Nyuma tishali la mizigo. Mbele gati. Chini bahari." Bibi alitoka na ufagio, akasimama mlangoni, hakusema neno. Babu akafika mwisho wa baraza, akageuza bega, akautupa mto chini, akarudi mikono mitupu kwa njia ileile, akaketi. Alikuwa anahema. Akaniambia niendelee.

Tulikimaliza kitabu kile. Kila nilipofika penye mgomo alizidi kusema kuliko mimi nilivyosoma: nani alisimama wapi, nyapara gani alikimbia, jinsi mji ulivyotulia meli zikiwa zimejaa na hakuna wa kuzipakua. Baada ya hapo alinitaka riwaya kila wiki. Nikamsomea Kasri ya Mwinyi Fuad, nikamsomea na za waandishi wengine, na akawa mkali wa kuhukumu. Ikiwa mtu katika hadithi amepona jeraha upesi mno, alikuwa akisema, "Huyo mwandishi hajaumwa." Alifariki kabla Vuta N'kuvute haijatoka mwaka 1999, na hilo huniuma, maana angeipenda.

Miaka mingi baadaye nilisoma mahali kwamba Shafi Adam Shafi alizaliwa mwaka 1940. Makuli walipogoma, mwezi Agosti 1948, na mgomo ukaenea mjini, alikuwa mtoto wa miaka minane. Nilikaa na tarakimu hizo muda mrefu. Historia ya mgomo ule imeandikwa. Tarehe zimo, madai ya mishahara yamo, kupanda kwa gharama za maisha baada ya vita kumo. Lakini si historia iliyomwinua kipofu kitini. Ni riwaya, ya mtu ambaye mwaka ule labda hata mfuko wa unga ulimshinda. Ndiyo maana mtu akiniambia yeye husoma vitabu vya kweli tu, vya maarifa, siwezi kunyamaza. Kuna maarifa yanayopatikana kwa mtu kukaa chini akajiuliza, mpaka apate, shingo ya mwenzake inauma wapi.

Halafu ikawa ile siku ya hitima ya Bibi. Tulikuwa tunawakumbuka wazee, nikasimulia habari za Babu na mgomo. Ami yangu akanitazama kwa mshangao. "Baba? Arobaini na nane? Mwaka huo Baba alikuwa Pemba, kwenye mashamba ya karafuu. Bandarini kaingia baadaye." Shangazi mkubwa akasema la, alikuwa mjini. Ami akasema ana hakika. Mwenye kujua, aliyesimama mlangoni na ufagio, ndiye tuliyekuwa tunamsomea.

Kuhusu gunia sina shaka. Mwili ule haukuwa unaigiza. Lakini yule nyapara aliyekimbia? Na mji uliotulia? Nikijaribu kuvitenga, hiki cha Babu, hiki cha kitabuni, navikuta vina sauti moja, kwa sababu vyote vilinijia barazani pale, wakati mmoja, na kimoja nilikitamka kwa kinywa changu mwenyewe. Pengine hata yeye alivisikia hivyo. Pengine alikuwa Pemba kweli, na kitabu kikampa mgomo ambao alitamani awe ameshiriki na wenzake aliokuja kufanya nao kazi.

Mimi ni mtu wa kurudia vitabu. Vipo nilivyovisoma mpaka nikavichakaza. Nakala yangu ya Kuli nimeinunua mwenyewe, ipo rafuni, mpya, haina hata kunyanzi. Ningeweza kukaa nayo jioni moja tu nikajua Babu aliyatoa wapi mengi ya aliyoniambia. Kaka yangu anasema nifanye hivyo, tuuondoe ubishi na Ami. Labda nitafanya.